Mama Alihesabu Hadi Kumi na Mbili

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na robo alasiri. Nilikuwa mlangoni pa jiko, daftari magotini, nahangaika na soneti ya Kifaransa tuliyopewa shuleni kuichanganua. Mistari kumi na minne: beti mbili za mistari minne, mbili za mistari mitatu. Vina nilishavipata. Taabu ilikuwa mizani. Mwalimu alisema kila mstari una kumi na mbili, lakini wa tisa ulinipa kumi na moja kila nilipohesabu. Nikausoma tena kwa sauti.

"Umemeza moja," mama akasema.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hata kichwa hakuinua. Nilidhani anaongea na kuku.

"Hiyo ya mwisho wa neno. Watu wakiongea wanaimeza, ila kwenye shairi inahesabiwa. Na ukifika sita, pumua." Akausema mstari mzima kwa Kifaransa, laini kama mtangazaji, huku anasogeza maharage kwa kidole: sita huku, akanyamaza kidogo, sita kule.

Mama yangu! Mama anayesaini fomu zangu za shule kwa dole gumba!

"Mama, umejulia wapi?"

"Ng'ambo ya mto Ruvubu, kwetu," akanong'ona. "Nilibakiza kidogo nimalize sekondari, vita ikaja. Baba yako anajua. Lakini bibi yako aliapa mkimbizi hataolewa kwake. Tukasema mimi ni yatima wa Kanazi, upande huu wa mto, sina shule."

Na Kihangaza chake, lugha yetu ya hapa, nani angekishuku? Kirundi kiko jirani mno. Miaka yote hiyo!

"Nyie huko jikoni!" Bibi akaita kutoka uani. "Mmefungulia redio ya wazungu?"

"Ni mjukuu wako, mama," mama akajibu haraka. "Kifaransa kinamtesa."

"Akishakijua aje aniombee chumvi kwa Kifaransa!"

Bibi akacheka, mama naye akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa namtazama mama kama mgeni aliyeshuka sasa hivi.

Nikamwonyesha agizo la mwalimu: aliyesaidiwa aandike chini amesaidiwa na nani, asiyesaidiwa ataeleza mwenyewe ubaoni. Mama akaacha maharage. Mwalimu anasali jumuiya moja na bibi.

"Ukiniandika mimi, mwanangu, kabla ya Jumatano bibi yako atakuwa amesikia."

Hakusema niandike nini. Na anajua mimi na ubao. Muhula uliopita niliitwa kutaja siku za wiki tu, nikalia mbele ya darasa zima.

Jumatatu asubuhi nilikabidhi kazi. Mwalimu akaikagua, akafika chini, akasoma: "Hakuna." Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe? Peke yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nyuma mtu akaguna, mwingine akasema, "Leo tena machozi." Mwalimu akaninyooshea chaki. Nikasimama, nikapita katikati ya madawati, nikaipokea. Nikaandika mstari wa tisa na kuanza kuuhesabu, kwa sauti.