Vitumbua vya Kidenishi vya Mama

Wenzangu mliokulia kwenye baridi ya Njombe, mnayakumbuka masweta? Yale ya kufumwa kwa mkono, ya sufu inayowasha shingoni. Mtoto wa kwanza analivaa, anamwachia wa pili, mpaka linamfikia wa mwisho likiwa na viwiko vya rangi nyingine kabisa. Nyumbani tulikuwa sita na mimi wa nne, kwa hiyo kila sweta lilinifikia likiwa limeshachoka na maisha. Asubuhi tunakimbia mchakamchaka, umande unatukata miguu, kila mmoja ana kipande cha kuni kwapani kwa ajili ya uji wa shule, na mwalimu wa zamu anatusubiri pale mbele na fimbo yake. Binti yangu Upendo ana miaka kumi na sita, naishi naye hapa Guangzhou, China. Nikimwambia tutembee mpaka kituo cha metro cha Xiaobei, dakika kumi tu, ananiuliza kama teksi zimeisha mjini.

Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, tukacheza kombolela mpaka giza linaingia na mama anaanza kutuita kwa majina yetu ya ubatizo, ambayo ilikuwa dalili mbaya. Tulijipikilisha kwenye makopo, udongo ndiyo ugali na majani ya maboga ndiyo mboga. Lakini kuna chakula kimoja ambacho hatukuwahi kukiigiza, maana hatukujua kinapikwaje. Ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Mama yangu alikuwa mpishi wa Mama Inga. Huyo alikuwa nesi wa Kidenishi kwenye hospitali ya misheni, mwanamke mrefu, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, na Kiswahili chake kilikuwa na "tafadhali" nyingi kuliko cha mtu yeyote pale mjini. Kila Krismasi Mama Inga alitaka vitu vya kwao vinavyoitwa ebleskiva. Ukiviona kwa mbali utasema ni vitumbua. Hapana. Kitumbua chetu ni cha mchele na kimebonyea. Hivi ni vya unga wa ngano na maziwa ya mgando, vya mviringo kamili kama mpira, na ndani vina jamu. Kwao huweka matufaa, lakini mama aliweka jamu ya mapichi, kwa sababu mapichi yalikuwa yanaoza chini ya miti. Sisi tuliviita vitumbua vya Kidenishi, basi.

Mama Inga alipostaafu na kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia mama kikaango chake cha chuma. Kina mashimo saba, kizito hasa, ukikidondosha mguuni unakwenda hospitali. Alimwachia pia sindano moja ya kufumia masweta, ile ya chuma, ya kugeuzia. Kuanzia hapo Krismasi ikawa ya kwetu.

Mkesha wa Krismasi mama alituamsha mapema. Kazi zilikuwa nyingi na tulizifanya bila kunung'unika: huyu anatwanga sukari kwenye kinu mpaka iwe laini kama poda, huyu anamenya hiliki, huyu anapiga ute wa mayai kwa uma mpaka mkono unakufa ganzi na bakuli limejaa povu. Harufu ya hiliki na siagi inapanda, mate yanatujaa. Kisha, kikaango kikishashika moto, mama anageuka na kutukodolea macho. "Haya, tokeni! Nendeni mkasome."

Kusoma! Mkesha wa Krismasi, shule imefungwa, watoto wa jirani wanapiga makelele barabarani na sisi sita tumekaa barazani na madaftari ya mwaka uliokwisha. Mlango wa jiko umefungwa kwa komeo. Siku moja kaka yangu Isaya alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Hakujua kwamba mama naye alikuwa ameshauona ule upenyo. Alikula mwiko wa kichwa, kisha akakariri jedwali la saba, mbele nyuma, mpaka sahani ilipotoka. Tulimcheka mpaka tukalia.

Lakini sahani ikitoka, jamani. Vinatoka vya moto, vina sukari juu kama theluji ambayo hatujawahi kuiona. Mama anasema subirini vipoe, na hakuna anayesubiri. Unauma, jamu inakuunguza ulimi, unapiga kelele na unauma tena. Pua nyeupe kwa sukari, vidole vinanata, na sweta limeharibika. Mama mwenyewe alikuwa anasimama mlangoni akituangalia, mikono kiunoni, anatabasamu kidogo tu kama mtu anayeogopa kulipia.

Tulikua hivyo. Leo wawili ni walimu, mmoja nesi, mmoja karani wa mahakama, Isaya ni fundi umeme mwenye diploma, na mimi nanunua bidhaa huku China na kuzisafirisha nyumbani. Vyeti vyetu vyote vimetundikwa sebuleni kwa mama, kwenye fremu, na cheti kidogo kimepangwa sawa na kikubwa. Sita tumesoma. Na katika sita hao hakuna hata mmoja anayejua kugeuza kitumbua cha Kidenishi.

Hilo halikunisumbua mpaka mwaka huu. Mama ana presha ya macho, na macho yamezimika yote mawili, pole pole, la kulia likitangulia. Nilikuwa Shiling, kule wanakoshona mikoba, natafuta mikoba ya ngozi kwa ajili ya mteja wa Mbeya, simu ya Isaya ikaingia. Akaniambia mama amemwamuru akipeleke kile kikaango kwa wanunuzi wa chuma chakavu. "Anasema hakina kazi tena. Asiyeona hageuzi."

Nilikaa juu ya furushi la mikoba, mwenye duka akaniletea maji akidhani presha imepanda. Nikamwambia Isaya, "Nisikilize vizuri. Kikaango hicho kikitoka hapo nyumbani, usinihesabu ndugu yako." Isaya namjua, ananiogopa tangu utotoni. Akakificha chini ya kitanda chake. Nami nikaapa palepale: Krismasi hii nitakuwa nyumbani, na nitakuwa najua. Mama hawezi kuzikwa na ujuzi ule kichwani.

Nikampigia mama, nikamsalimia kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, mama." Akaitikia vizuri, akauliza habari za Upendo, za baridi, za kanisa. Nilipomwomba anifundishe, akasema, "Umekosa kazi huko China?" Akahamia kwenye habari za mahindi. Wiki iliyofuata nikajaribu tena, akasema simu inakatakata, na haikuwa inakatakata. Mara ya tatu akasema tu, "Tumaini, achana na hayo." Mama yangu ni mbishi. Bahati mbaya yake, ubishi huo ameurithisha.

Nikasema basi, nitajifunza mwenyewe. Hapa Guangzhou kuna vibanda vya vidonge vya unga vyenye pweza ndani, na vikaango vyake vina mashimo ya mviringo. Nikaenda soko la jumla la vyombo vya jikoni. Laoban, yaani mwenye duka, mama mmoja mfupi mwenye sauti kali, akaniambia cha moja moja meiyou, hakuna, chukua katoni. Nikamwambia nataka kimoja. Meiyou. Nikambembeleza, meiyou. Mimi ambaye kila siku nawaambia wateja wangu hatuuzi rejareja! Mwishowe nikavaa uso wa kazi, nikatoa kadi yangu, nikasema nina mnunuzi mkubwa Afrika lakini lazima aone sampuli kwanza. Alinipa sampuli bure na akanisindikiza mpaka mlangoni. Mungu anisamehe.

Nyumbani Upendo akanikuta nimejaa unga mpaka kope. "Mama, si uagize tu? Nusu saa vinafika." Kizazi hiki! Chakula kwao ni kitu kinachogonga mlango. Baadaye alinihurumia, akanitafutia video ya mwanamke anayepika ebleskiva kwa dakika moja na muziki juu yake. Nikaiangalia mara ishirini. Vyangu vilitoka vya mviringo, sikatai, lakini jamu ilitoroka yote, ikaungua chini, king'ora cha moshi kikalia na jirani akaja kugonga. Nilipika Jumamosi nne mfululizo. Vilivyoharibika niliwapelekea wenzangu wa Xiaobei pale kwa wakala wa mizigo, wakavila wakavisifu, lakini wale wanasifu chochote cha bure.

Jumapili moja, baada ya ibada, nikawasha jiko, nikampigia mama kabla sijapoteza ujasiri. Hapa ilikuwa saa kumi jioni, kwao saa tano asubuhi. Sikumsalimia kwa maneno mengi. Nikamwambia, "Mama, nimeungua vidole vitatu. Nimeshachoma mayai ya watu. Niambie tu, kwa nini hutaki? Tumekukosea nini?"

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa. Safari hii hakusema simu inakatakata.

"Hamjanikosea," akasema. "Mimi nilikuwa wa kwanza darasani mpaka la nne. Baba yangu akanitoa, nikapelekwa kwa Mama Inga nikaoshe vyombo. Alikuwa mtu mwema, sisemi vibaya. Akanifundisha kupika vya kwao, nikavijua kuliko yeye. Basi nikakaa jikoni kwake miaka kumi na tisa. Alipoondoka, akamwambia mzungu aliyekuja baada yake, mchukue huyu, anajua kupika. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kusoma." Akapumua. "Nikasema wanangu hawatakijua kitu hiki. Asiyejua kupika vya wazungu, wazungu hawatamwita jikoni. Ndiyo maana nilikuwa nawafukuza mkasome."

Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni uchoyo. Nilidhani anataka tumsifu yeye peke yake! Nilisimama pale na bakuli mkononi, machozi yananidondokea kwenye unga, na nilijionea aibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Ningeweza kusema asante mama, nimeelewa, nikazima jiko. Lakini kama ningekata tamaa siku ile, mwiko ule wa Isaya ungekuwa wa bure.

"Mama," nikamwambia, "hapa hakuna mzungu. Jiko ni langu, nyumba nalipa kodi mwenyewe. Hakuna wa kuniajiri. Umeshinda, mama, tumesoma wote sita. Sasa nifundishe."

Akaguna. Halafu: "Sogeza simu karibu na kikaango. Nisikie."

Akanifundisha kwa masikio. Nilipomimina akasema, "Moto wako mkali, punguza." Nikapunguza. "Usiguse. Subiri. Kikianza kulia kidogo kidogo, kama mvua inayokatika juu ya bati, ujue ukingo umeshika. Sasa chomeka pembeni, inua robo tu. Unageuzia nini?"

"Kijiti cha mishikaki, mama."

"Haya, si kibaya. Unga mbichi utashuka chini, pale katikati patabaki shimo. Hapo ndipo jamu inapokaa. Wewe ulikuwa unaiweka lini?"

"Mwanzoni kabisa."

"Ndiyo maana inatoroka!" Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu macho yaanze kumsumbua. "Huyo mwalimu wako wa video alifundishwa na nani?" Nikageuza robo nyingine, unga ukaifunika jamu, nikageuza tena, na kitumbua kikazunguka shimoni chenyewe, kizima, cha rangi ya kahawia. Nilipiga kelele mpaka Upendo akatoka chumbani mbio.

"Nani huyo?" mama akauliza. Nikamwambia ni mjukuu wako. "Mpe kijiti."

Upendo akanitazama. "Bibi, shikamoo. Bibi, nina mtihani kesho, natakiwa nisome."

"Marahaba. Kitabu kiache hapo," mama yangu akasema. "Njoo jikoni."

Nililazimika kwenda kusimama kwenye ukumbi kidogo. Niliporudi, Upendo alikuwa ameinama juu ya kikaango, ulimi nje, na jamu imeshamwagika kwenye mashimo mawili. Bibi yake alikuwa anamwambia arudie, na yeye anarudia. Walikaa hivyo zaidi ya saa nzima.

Enzi zetu mama alikuwa anaona kila kitu, na mlango umefungwa. Sasa mlango uko wazi, anayetaka na aingie, na yeye hawezi kuona nani ameingia. Hilo linaniuma na litaendelea kuniuma. Wakati mwingine natamani nirudi pale barazani na daftari langu na sweta langu la viraka, nisijue lolote, ninuse tu harufu na kusubiri komeo lifunguke.

Lakini sirudi barazani. Mizigo yangu inaondoka bandari ya Nansha mwezi huu, na mimi na Upendo tunapanda ndege kabla ya Krismasi. Isaya nimemwambia akitoe kikaango chini ya kitanda, akisugue kutu, akipake mafuta. Mwaka huu mama atakaa kwenye kiti, wajukuu watapika, na yeye atakula cha kwanza kikiwa bado cha moto.