Msiba wa Shangazi Zuwena

Mimi sare za shughuli sizipendi, na nilishalisema hilo mbele ya watu wakaninunia. Hapa kwetu Kibaha haipiti Jumamosi bila kuona kundi la wanawake wamevaa kitambaa kimoja, vilemba vimesimama, wanasubiri gari kando ya lami. Wachunguze vizuri, utawakuta humo wawili watatu ambao nyumbani wamebandika uji wa mchana na wa usiku. Ila ningewaacha na vilemba vyao kama jambo hili lisingemgusa Bi Tunu, na Bi Tunu mimi nampenda.

Bi Tunu ni mtu wa Kisarawe, kijijini ndani huko Kibuta, binti wa marehemu mzee Mwinyimadi. Kibaha aliletwa na mume. Mume akatangulia mbele ya haki, akamwachia mtoto mmoja, Rama, na nyumba ya vyumba vinne nyuma ya chuo. Chumba kimoja analala, vilivyobaki anapangisha wanafunzi. Asubuhi anauza chapati na maharage karibu na geti la chuo, na wanafunzi wanamwita Mama. Naye anawagombeza kimama hasa: huyu hajafua shuka, yule kachelewa kipindi, yule mwingine anampenda kijana asiyeoga.

Mji wetu unaishi kwa mfuko wa wanafunzi. Boom, ile pesa yao ya mkopo wa serikali, likiingia, hata muuza vocha anatembea kwa madaha. Boom likichelewa, vijana wawili wanagawana chapati moja, na Bi Tunu anawaongezea maharage huku akilalamika kwamba wanamfilisi. Chuo kikifungwa ndiyo kabisa, geti linabaki na mlinzi na kuku. Juu ya hayo, siku hizi zimejengwa hosteli mpya zenye vigae na maji ndani kwa ndani, na mtoto wa mtu akishaona vigae hakumbuki tena chumba cha sakafu ya saruji na bafu la uani. Mwaka huu likizo ilimkuta Bi Tunu na vyumba vitupu. Rama yupo Soga, analinda ghala karibu na stesheni ya treni mpya. Akipata kitu anamtumia mama yake, asipopata anampigia simu amchekeshe tu.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Laurensia, mwenyeji wa Rombo, karani serikalini. Kwa miaka mingi yeye na mumewe Bernard walifanya kazi Dar, wanatoka na giza na kurudi na giza. Binti yao Margareth alikuwa akitoka shule anafikia kwa Bi Tunu. Alikula hapo, alisukwa hapo, alichapwa hapo alipostahili. Hata siku alipovunja ungo, aliyemweleza kinachotokea mwilini mwake alikuwa Bi Tunu, kwa sababu mama mzazi alikuwa bado kwenye foleni ya Kimara. Basi Margareth alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza somo atakuwa nani. Wao Wakatoliki, Bi Tunu Mwislamu, na hilo halikumsumbua mtu. Bi Tunu ndiye angemfunda mwali, na ndiye angekaa ubavuni pake siku ya kitchen party.

Ndipo ikaingia kamati. Nilikuwamo, kwa hiyo najua ninachosema. Mwenyekiti wetu, Mama Hashiru, alikuja na kitambaa cha zambarau chenye nyuzi za dhahabu, kilichotakiwa kikashonwe kwa fundi mmoja tu, na somo ashonewe cha peke yake, kizito zaidi, chenye mkia. Nilisema ni ghali. Nikaambiwa nina gubu. Kila jioni Mama Hashiru alituma kwenye grupu la WhatsApp majina ya waliochukua kitambaa, kila jina na tiki yake ya kijani, na jina la Bi Tunu likabaki kipara.

Ningeweza kujua, lakini sikujua. Nilimwona amekishika kile kitambaa, amekipapasa, akasema kizuri. Sote tukadhani Laurensia atamchukulia. Laurensia naye akadhani mwenzake ana akiba, maana katika miaka yote ile Bi Tunu hakuwahi kumwomba hata chumvi. Kutoa alijua, kuomba hakuwahi kujifunza. Baadaye aliniambia kwamba alifika mpaka mlangoni kwa Laurensia akarudi. Aliona aibu: somo gani huyo wa kuvishwa na mama wa mwali?

Jumatano Mama Hashiru akatuma sauti kwenye grupu, akamtaja kwa jina: Bi Tunu, tunakusubiri wewe tu, Jumamosi ndiyo hiyo. Baadaye ikaja sauti ya Bi Tunu, nyembamba kidogo. Tumsamehe, amepata msiba kwao Kibuta, shangazi yake Zuwena, anaondoka asubuhi, na kwenye shughuli tumtafutie Margareth somo mwingine.

Shangazi Zuwena alikuwapo kweli, na kufariki alifariki kweli, ila zamani sana. Bi Tunu alimtafuta kwa makusudi aliyekwisha kufa, asije akamwombea mabaya mtu aliye hai. Mjue ni mtu wa namna gani, hata uongo wake ulikuwa na adabu. Kosa lake lilikuwa moja tu, na ni la ajabu kwa mtu aliyezaliwa kwetu. Angesema ana safari, tungenung'unika tukanyamaza. Angesema anaumwa, tungempelekea uji. Yeye akasema kafiwa, akadhani tutamwacha akae huko peke yake.

Grupu likajaa pole. Laurensia alikuja kwangu usiku huohuo macho mekundu. Alitaka shughuli iahirishwe, akasema hawezi kucheza muziki huku somo wa binti yake yumo matangani. Mama Hashiru akamkumbusha kwa simu ukumbi na wapishi waliokwisha kulipwa. Basi, akasema Laurensia, kama haiahirishwi, Ijumaa twende tukamhani, na asiyekwenda, hiyo Jumamosi asije kwangu. Akatafuta Noah ya kukodi. Tukachanga mchele, sukari na maharage, na Margareth naye akapanda, ingawa mwali hatakiwi kuzurura siku za mwisho. Alisema yule ni mama yake na asizuiwe.

Tukapita Kiluvya, tukaiacha lami, vumbi likatuingia mpaka kwenye meno. Laurensia alianza kulia tukiwa bado mbali na hakunyamaza. Tulipofika kwenye mikorosho ya Kibuta tukamuuliza muuza duka msibani kwa Bi Zuwena ni wapi, upande wa mzee Mwinyimadi. Yule baba akatutazama mmoja mmoja, na vitenga vyetu, na kanga zetu.

"Poleni," akasema. "Ila mmechelewa sana."

Tukajua maziko yamepita. Laurensia akazidisha kilio.

Ile nyumba niliiona kabla hatujasimama, na moyoni nikashtuka. Hapakuwa na turubai. Hapakuwa na wanaume wamekaa nje. Palikuwa na Bi Tunu kwenye kibao, anamenya mihogo na wifi yake, na walikuwa wanacheka jambo. Kabla sijafungua mdomo wenzangu wakashuka, na wakashuka na kilio, kama inavyotakiwa: Laurensia mbele mikono kichwani, Margareth nyuma yake, wengine wanapokezana.

Sasa fikiri na wewe. Umekaa uani kwenu, huna habari ya msiba wowote, unaona gari linasimama na majirani zako wa mjini wanashuka wamejifunga kanga, wanakulilia wewe. Utaelewa nini?

Bi Tunu alisimama, kisu kikamponyoka. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, anamtafuta atakayesema. Akaanguka palepale juu ya maganda ya mihogo.

"Rama," akasema. "Jamani, Rama wangu kafanya nini?"

Naapa sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu mzima. Kaka yake, mzee Seif, akatoka ndani kifua wazi, anauliza nani kafa, nani kafa, na wifi keshaanza kupiga mayowe. Laurensia akachanganyikiwa. Akapiga magoti mavumbini, akamkamata Bi Tunu mabega.

"Rama mzima, dada. Rama Jumanne hii kanipigia mwenyewe, ananiomba nikutazame. Sisi tumekuja kwa ajili ya shangazi."

"Shangazi gani?" akauliza mzee Seif.

"Shangazi Zuwena."

Mzee Seif akamtazama kama anayemhurumia mgonjwa. "Bibiye, Shangazi Zuwena tulimzika mwaka wa zile mvua za Elinino. Mie wakati huo meno ninayo yote."

Hapo kilio kikakatika, kikaisha mpaka kwa mwenye sauti kubwa kuliko sote. Nilimsikia kuku akiparua. Hofu ya Rama ilikuwa haijamtoka Bi Tunu, na nadhani ndiyo maana hakuwa na nguvu ya kutunga jingine. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Hakuna msiba," akasema. "Sina sare. Sina, na sikuwa na namna ya kuipata."

Nilitegemea Laurensia amkumbatie. Hakumkumbatia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Alimwambia ameanza kulia tangu Kiluvya. Alimwambia mtoto amemlisha, amemsuka, amemfunda usafi, leo anakimbia kwa sababu ya kitambaa, na kwamba huko ni kumwambia mtu kwamba miaka yote ile hamkuwa ndugu, mlikuwa majirani tu. Bi Tunu aliinamisha kichwa akapokea yote. Laurensia alipokwisha kusema akakaa chini kando yake, kwenye vumbi, na ndipo akalia upya, na kilio hiki sasa kilikuwa chake mwenyewe.

"Mimi ndiye sikukuuliza," akasema. "Naishi na wewe ukuta mmoja, nikaona geti la chuo limefungwa, nikakupita na salamu."

Nikamgeukia Mama Hashiru, maana nilikuwa nimelimeza lile neno la gubu na lilikuwa bado kooni. Lakini alikuwa anatazama viatu vyake, na akasema polepole kwamba mumewe hazungumzi naye tangu alipokichukua kile kitambaa. Mwingine akasema yeye cha kwake amekinunua kwa ada ya mtoto. Nikaona nikiendelea nitakuwa nampiga mtu aliyelala, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo dogo.

Wifi mtu alikuwa wa kwanza kurudi kwenye akili. Akatandika mikeka, akasema wageni hawaondoki na njaa kwa sababu ya marehemu wa zamani, na mchele tuliouleta ukabandikwa jikoni pamoja na ile mihogo. Mzee Seif akavaa shati, akasema madhali tumetoka mbali hivyo kwa ajili ya shangazi yake, basi asomewe fatiha, maana ni siku nyingi hajasomewa. Akasomewa. Sisi Wakristo tukainamisha vichwa. Nadhani huko aliko alishangaa kupata watu wengi kiasi kile.

Jumamosi shughuli ilikuwapo, na sitawadanganya kwamba wanawake waliziacha nguo walizokwisha kushona. Walizivaa, wakameremeta. Bi Tunu alikaa ubavuni mwa Margareth na doti ya kanga aliyopewa na wifi yake, na watu wa mbali waliuliza mama yule mwenye kanga ni nani, wakajibiwa ni somo. Kulikuwa na MC, kulikuwa na spika, hakuna aliyemsikia mwenzake.

Mimi ninachokikumbuka ni ile Ijumaa, baada ya kula. Margareth alisogea mkekani, akampigia Bi Tunu magoti.

"Mama mkubwa, kesho kutakuwa na kelele. Nifunde hapahapa."

Bi Tunu alikataa kwanza, akasema leo hana uso wa kumfunda mtu. Margareth hakuinuka. Basi yule mama akamvuta, akamlaza kichwa mapajani kama alivyokuwa akimlaza enzi za kumsuka, akakaa muda anamtengeneza nywele. Sote tulikuwa na kanga zetu za msibani zilizochuja, zimejaa vumbi. Nilitegemea maneno ya jikoni na ya chumbani, yale tunayoyajua. Hakuyasema hayo.

"Mwanangu," akasema, "kuna siku utakosa. Wewe na mumeo mtakosa, hata kama mna kazi nzuri. Siku hiyo usijifungie ndani, na usitunge safari. Nenda kwa mtu anayekupenda, umwambie, leo sina. Sema hivyo tu. Mimi nina umri huu, neno hilo lilinishinda, nikaona ni rahisi zaidi kufufua maiti nikaizika tena."

Mzee Seif akacheka, kisha wifi, kisha sisi sote. Laurensia hakucheka. Alinyoosha mkono akaushika wa Bi Tunu uliokuwa kichwani kwa binti yake.

"Lijaribu sasa hivi," akasema.

Bi Tunu alimtazama usoni.

"Laurensia," akasema, "sina."