Mtungi wa Kijivu wa Mjomba

Mimi ni fundi wa ndege, na ndege yenyewe ni moja tu, ndogo, inayotua kwenye kiwanja cha vumbi huku kwetu Mbozi. Watu wakisikia fundi wa ndege wanadhani nashinda nafuta vioo. Mimi nashinda na matairi. Ndege ikitua, tairi linagonga chini na breki zinapata moto wa kutisha, kwa hiyo ndani hatutii upepo wa kompresa. Tunatia naitrojeni, gesi kavu ambayo moto hauipendi. Mtungi wetu wa zamani ulipoanza kuvuja, bosi akaniambia nitafute mwingine, na saa yake ya presha, na mpira wake.

Nikampigia mjomba wangu wa Tunduma. Mjomba alianza maisha kwa kuziba pancha za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Siku hizi anauza mitungi na vifaa vya gereji, na kazi ya pancha amemwachia mwanawe wa kwanza, binamu yangu, aliyefungua kibanda chake Nanyala kando ya barabara kuu. Nilimwambia nataka naitrojeni, ile ya mtungi wa kijivu.

"Mambo ya ndege hayo, mama," akasema. "Niachie mimi. Hutaaibika."

Nilipofika kwake nikaukuta mtungi umesimama katikati ya ua kama bibi harusi. Ulikuwa wa kijivu kinachong'aa, rangi bado inanuka. Rangi haikunishtua. Kwa mjomba kitu kilichotumika hakitoki na kutu yake, lazima kipakwe kwanza, hata kama ni koleo. Mkewe alikuwa pembeni anachoma mahindi, akanikaribisha kwa kelele na kunisogezea kigoda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Haya, kagua mali yako."

Nikainama kukagua. Kati ya mdomo wa mtungi na saa ya presha palikuwa na kipande cha shaba kipya kabisa, ambacho sijapata kukiona kwenye mtungi wowote.

"Mjomba, hiki ni nini?"

"Aa, hicho! Saa yako ilikataa kuingia. Nikampelekea jamaa wa mashine ya kuchonga, akanichongea kiunganishi. Tunduma hii, mama, hakuna kinachokataa kuingia. Tena nimekipaka grisi kiteleze vizuri."

Nikaondoa mkono pale. Midomo ya mitungi haikutofautiana kwa bahati mbaya. Wa naitrojeni umetengenezwa hivi na wa oksijeni vile, makusudi, ili mtu asije akachanganya. Saa ikikataa kuingia, inakwambia umeshika mtungi usio wako. Lakini utamwambiaje hivyo mtu wa Tunduma? Mji mzima unakula kwa kulazimisha. Gia ya lori hili inaingizwa kwenye lori lile, linawaka, linavuka mpaka, na dereva anashukuru. Na mimi nimekuwa nikiisifia akili hiyo tangu utoto.

Nikachomoa ufunguo mfukoni, nikakwangua rangi. Chini ya kijivu palikuwa peusi, weusi wa mitungi ya wachomeleaji.

"Mjomba, humu ndani mna nini?"

"Oksijeni," akajibu, uso umemchanua. "Naitrojeni ilikosekana. Nimemsumbua mulamu wangu wa ng'ambo, shemeji yangu yule, hata kule hakuna. Nikasema mtoto wa dada yangu hawezi kurudi mikono mitupu. Nikakupa iliyo bora zaidi. Si ndiyo hii tunayovuta?"

Nilishindwa hata kukasirika. Nilijiona nimepiga magoti kando ya tairi, nafungua koki. Oksijeni yenye presha ile ikikutana na grisi haihitaji kiberiti ili ilipuke. Nilijaribu kumweleza, akacheka. Upepo ni upepo, akasema, shule imenitia woga.

Basi nikamwomba mkewe gunzi lenye kaa. Nikafungua saa na kile kiunganishi, nikavipeleka mbali, nikanawa mikono kwa sabuni. Halafu nikaufungua mtungi kidogo sana, nikaelekeza gesi ndani ya kopo tupu la maziwa, nikafunga. Nikalichukua kopo hadi mwisho wa ua, nikadumbukiza gunzi lililokuwa limebaki na wekundu kwenye ncha tu.

Lililipuka kwa mwanga mweupe. Gunzi zima liliwaka, likapiga kelele, na nikaliachia kopo kabla halijaniunguza. Mke wa mjomba alipiga yowe, "Yesu wangu!" Kuku walitawanyika.

Nilitegemea mjomba atasema pole, au atatafuta neno la kujitetea, maana hakosagi. Alilitazama kopo lile likifuka moshi, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake safi.

"Upo mwingine," akasema.

"Mwingine upi?"

"Nimempelekea mwanangu Nanyala asubuhi. Nimemwambia wenye ndege ndiyo wanayotumia, atie kwenye matairi ya malori, atapata wateja."

"Na kiunganishi?"

"Nimempa. Nimekipaka grisi kwa mkono wangu."

Simu ilikuwa mfukoni mwake na vidole havikuweza kuitoa. Niliitoa mimi, nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Iliita mpaka ikakatika. Mke wa mjomba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikapiga tena.

Ikapokelewa. Nyuma yake lori lilikuwa linaunguruma.

"Baba, shikamoo. Samahani, mikono ilikuwa na grisi. Nilikuwa nataka nikupigie. Hiki kitu chako cha shaba kimekataa kuingia, nimehangaika nacho tangu asubuhi. Nikuletee ukichongeshe upya?"

Mjomba aliinamia simu.

"Kiache," akasema, akilia waziwazi mbele ya mkewe na mbele yangu. "Kiache kikatae hivyo hivyo, baba. Toka hapo. Nakuja."