Safu ya Wazima

Kazi yake ukiieleza mezani, watu wanaweka kijiko chini. Anamkamata bata, anamfungua mdomo, anampitishia kijiti chenye pamba kooni. Halafu anamgeuza, anachukua kijiti cha pili, na huko nyuma tusiende, kuna watu wanakula. Ndiyo maana ofisi nzima inamwita Pamba. Kwenye kikundi cha familia ana jina refu zaidi, la kihuni, na aliyempachika ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Usicheke sana lakini. Huyu Pamba alikaribia kumfanya huyo huyo shemeji awe mhalifu, kwa neno moja lenye herufi sita.

Kwanza umjue bata. Kuku akipata mafua ya ndege hana siri: asubuhi anadonoa, jioni miguu juu. Bata ni mtu wa kujikausha. Anaweza kubeba virusi siku kadhaa huku anaogelea, anataga, na akikuona anakutukana vizuri tu. Kwa hiyo lazima mtu apite mabandani kila mwezi, achukue sampuli kwa bata ishirini kila shamba, azipange kwenye kiboksi cha barafu, apeleke maabara, asubiri majibu. Mtu huyo ni Pamba. Mashamba kumi na moja, pikipiki moja, na buti za mpira zinazovuja mguu wa kushoto.

Shamba la kumi na moja lilikuwa la shemeji. Bata mia nne na kumi na mbili, banda safi, bwawa la kuchimba. Dada yake ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Aliacha shule ili Pamba asome. Kwa hiyo akifika pale hafiki kama mkaguzi, anafika kama mtoto wa nyumbani.

"Daktari wa makalio huyo!" shemeji alikuwa anapiga kelele kabla pikipiki haijazimwa.

"Shemeji, ukinizoea nitakupima na wewe."

"Kwa mbele au kwa nyuma?"

"Dada! Mchukue mumeo hapa!"

Mlangoni mwa banda, kwenye msumari, palining'inia karatasi ya ofisi yenye safu tatu: Vifaranga, Wazima, Waliokufa. Wafugaji wengine wote walikuwa wanaijaza ya mwezi mzima kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja, dakika tano kabla Pamba hajaingia. Shemeji aliijaza kila asubuhi, tena kwa rula. Pamba alikuwa anaipiga picha hiyo karatasi na kuwarushia wenzake kazini: oneni mwanafunzi wangu.

Ziara ya kwanza tangu karatasi hiyo itundikwe, safu ya Wazima ilisomeka mia tatu tisini na tisa. Ya pili, mia tatu sabini na saba. Waliokufa walikuwa wachache tu, mmoja wiki hii, wawili ile, kawaida ya ufugaji.

"Naona biashara imechangamka, shemeji. Bata wanatoka kama mkate."

Shemeji siku hiyo hakurudisha utani. "Wee acha tu. Tunapambana."

Pamba akajua anajifanya mnyenyekevu. Akasaini chini ya karatasi, palipoandikwa "Imekaguliwa", akatoa karatasi ya maelekezo akamsomea: pima bata wazima ishirini. Shemeji akasema usihangaike, nitakuletea. Akaingia bandani akawaleta mmoja mmoja kwapani, manyoya yanang'aa, macho makali, bata wa kupigia picha. Majibu yakatoka hasi, kama ya mwezi uliotangulia. Pamba akayatuma na emoji ya kucheza. Shemeji akajibu na ya kushukuru.

Wiki mbili baadaye kuku wa jirani yao, mama mmoja mjane, walianza kufa siku ya Jumanne. Jumatano jioni hakubaki hata mmoja wa kumsimulia mwenzake.

Pamba alirudi na timu, wote wamevaa nguo nyeupe za kujifunika mwili mzima, miwani, barakoa. Bwawa lilikuwa shwari. Lakini mmoja wa timu alizunguka nyuma ya banda, akaita. Huko palikuwa na kibanda kingine, kimezungushiwa magunia, na ndani yake bata hamsini na kitu. Shingo zimepinda kama mtu anayetafuta kitu mgongoni. Macho yamekuwa meupe. Wengine walikuwa wanazunguka palepale, wanaanguka, wanainuka, wanazunguka tena.

"Hawa ni nini, shemeji?"

"Wagonjwa."

"Na hukusema?"

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Nisemeje tena? Si nimekuandikia kila siku? Wazima mia tatu hamsini na moja. Hawa si wazima. Na hawajafa. Ulitaka niwaweke safu ipi?" Akakohoa kidogo. "Nilikuwa nasubiri mseme kitu. Mkaleta majibu kwamba hakuna ugonjwa, nikajua basi, ni baridi tu."

Ndani ya ile nguo nyeupe Pamba alihisi jasho linashuka mpaka kwenye buti. Ofisini, bata mzima ni bata aliyekua, asiye kifaranga. Hivyo ndivyo karatasi ilivyokusudia. Lakini nje ya ofisi, mtu akikuuliza "mzima?", anakuuliza umri? Shemeji alisoma Kiswahili cha nyumbani, akawatenga wagonjwa, akahesabu wenye afya, na alipoambiwa wapimwe bata wazima akaleta wenye afya. Yeye Pamba, mwenye cheti ukutani, aliona namba zinashuka akadhani ni mauzo.

Waliwaua wote siku ile, kwa gesi, ndani ya kontena. Bata anajua kubana pumzi, ni mpiga mbizi, kwa hiyo gesi inachukua muda mrefu kumuua kuliko kuku. Sauti ndani yake ilikaa, ikakaa, ikapungua, ikarudi. Halafu shimo, chokaa, udongo. Dada alisimama jikoni, mgongo kwa dirisha, anaosha sufuria iliyokuwa safi.

Siku ya tatu shemeji alipandwa na homa. Siku ya tano alikuwa wodi ya kutengwa, na mrija wa hewa puani. Pamba alimtumia utani mmoja, ili mradi tu. Tiki moja, ya kijivu. Simu ilikuwa imezimwa.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Mkuu wa ofisi, ndiye aliyeitunga ile karatasi, alimwita akafunga mlango.

"Weka hapa: mfugaji alificha ugonjwa."

"Mkuu, hakuficha. Alitundika mlangoni."

"Wewe ni shemeji yake. Nani atakuamini?"

"Sihitaji kuaminiwa. Karatasi zipo."

"Zipo na saini yako chini, binti. Umeliona hilo?"

Alikuwa ameliona. Sentensi ile ya mkuu ikiingia, shemeji anafutiwa kibali cha kufuga, hapati fidia ya bata hata mmoja, na akitoka hospitali anakwenda mahakamani. Isipoingia, lazima iingie nyingine, na hiyo ina mwenyewe.

Alirudi kwenye meza yake, akaandika: "Mfugaji alitoa taarifa kila siku kwa siku hamsini na tatu. Mkaguzi hakuielewa." Akaambatisha karatasi zote, pamoja na saini zake mbili, akatuma kwa mkuu na kwa maabara kuu kwa pamoja, ili isipatikane njia ya kuirudisha. Tiki za bluu zilitokea palepale. Baada ya saa nzima mkuu akajibu: kuanzia kesho usiende shamba lolote, ufunguo wa pikipiki uache kwa mlinzi.

Ilibaki saini ya upande wa mfugaji, na kwa kuwa shemeji alikuwa wodini, wa kusaini ni dada. Pamba alikwenda kwa miguu. Dada alimfungulia, akachukua karatasi, hakumkaribisha kiti. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza upya.

"Kwa hiyo hawatamshtaki."

"Hawawezi, Dada."

"Na huyu mkaguzi ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulikuja mara mbili."

"Ndiyo."

"Ukaona namba zinashuka."

"Ndiyo, Dada."

"Ukamtania."

Pamba alimnyooshea kalamu. Huko uani palikuwa kimya, kimya cha nyumba iliyozoea kelele za bata mia nne.

Dada alisaini, taratibu, jina lake lote. Akamrudishia karatasi, akaokota kikapu chenye chupa ya uji na shuka safi, akazima taa ya jikoni.

"Nipishe mlangoni," alisema. "Saa ya kuona wagonjwa inanipita."