Nilisema Madaktari Wamemkataa Mama

Nimekosa, na kosa lenyewe siwezi kumsukumia shetani wala mtandao. Mama yangu haoni leo, na sababu ni mimi. Jina langu sitalitaja, maana hapa Garissa tunajuana, na ukimtaja mtu mmoja umeutaja ukoo mzima.

Nisikilize basi kama tumekaa wawili tu.

Mimi ni karani katika ofisi moja hapa mjini. Kwetu hasa ni upande wa Sangailu, kwa wafugaji, na kati ya watoto wa mama ni mimi peke yangu niliyesoma hadi mwisho. Nyumbani nina kompyuta ya mezani, na kwa sababu ya hiyo kompyuta ndugu zangu wote waliniita Injinia. Injinia! Mtu aliyejifunza kuchapa barua tu! Lakini sikuwahi kumsahihisha yeyote, kwa sababu lilikuwa jina tamu.

Ndugu yeyote aliyeombwa anwani ya barua pepe alitoa yangu. Maombi ya kazi, majibu ya mitihani, barua za vyuo, zote zilikuja kwangu, nami nilizisoma kwenye programu ya barua ya kompyuta hiyo na kuwapigia simu wenyewe. Simu yangu sikuiunganisha na barua hizo. Nilijidai kwamba barua ya maana husomwa mezani, mtu amekaa.

Sasa mama. Mama hajui kuandika jina lake, lakini mbuzi wake aliwajua mmoja mmoja kwa rangi, na Kisomali kina majina ya rangi za mifugo ambayo hata mimi nimeyasahau. Mwaka ule alianza kuwakosea. Akasema kuna ukungu. Akaanza kujigonga kwenye mti wa kibanda alichokijenga kwa mikono yake.

Madaktari wa macho walipofika mji wa Masalani, upande wa kwetu, kwa siku moja, dada yangu Ebla anayeishi naye alimpeleka. Wakampima. Wakasema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula nuru kidogo kidogo. Ilichokula hakirudi, wakasema, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji, na upasuaji utafanyika Garissa. Wakaandika anwani yangu. Barua itakuja kwa mwanao, wakamwambia, ndani yake kuna linki, abofye athibitishe kabla ya siku saba kuanzia leo. Asipothibitisha, nafasi itapewa mgonjwa mwingine.

Mama alinipigia jioni hiyohiyo kwa simu ya Ebla.

"Hooyo," aliniambia. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama, jina lake mwenyewe anampa mtoto kwa mapenzi. "Hooyo, angalia hiyo barua yako vizuri. Macho yangu yako humo."

Nikamjibu, "Usijali, hooyo. Hiyo ni kazi ya dakika moja."

Barua ilifika Jumamosi asubuhi. Jina la mama lilikuwa pale juu, limeandikwa sawasawa. Chini yake ilikuwepo linki ya rangi ya buluu, na chini kabisa namba ya simu. Nikabofya.

Kikatokea kijisanduku cha Kiingereza kikisema shughuli hii imefutwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta hii.

Nikabofya tena. Kikatokea kilekile. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikabofya mara ya tatu. Kilekile!

Usinicheke kwa nitakalosema. Mtu aliyezaliwa huku kwetu akiona ameandikiwa kwamba kitu kimefutwa kwa sababu ya vizuizi, hamalizi kusoma. Mimi nimeshushwa na askari kwenye basi mara ngapi, nikapangwa mstari juani, kitambulisho mkononi, wenzangu wa makabila mengine wakibaki vitini! Nimeombwa cheti cha babu yangu aliyezaliwa porini akazikwa porini. Damu ikanipanda. Nikasema, ndiyo hayo, wameona jina la Kisomali, wameona Sangailu, wamefunga. Yale maneno ya mwisho, kwenye kompyuta hii, niliyaona kwa macho lakini hayakuingia kichwani.

Mke wangu alikuwa jikoni akipika anjera. Akaja na mwiko wake, akachungulia.

"Baba Hibo, si ujaribu linki ingine uone kama inafunguka?"

Nikabofya mara ya nne.

"Ama upige hiyo namba iko hapo chini."

"Wewe unajua nini kuhusu kompyuta?" nilimfokea. "Rudi kwa anjera yako."

Akarudi. Wallahi, mwanamke yule alinipa dawa mbili ndani ya dakika moja, na mimi nikazitema zote mbili!

Niwe mkweli zaidi, maana hapa nimekuja kusema kweli. Haikuwa hasira peke yake. Kuna sehemu ndani yangu ilinong'ona kwamba huenda ni mimi nisiyejua. Ningeweza kwenda kwa vijana wa saiba, duka la intaneti pale sokoni, wakanitazamia. Lakini Injinia aende kuuliza mbele ya watu jinsi linki inavyofunguliwa? Niliona haya. Hasira ilikuwa rahisi kuliko haya, nikaichagua hasira.

Nikampigia mama.

"Wamesema nini?" akauliza kabla hata ya salamu kuisha.

Hapo ningesema tu, hooyo, imenishinda kufungua. Maneno machache tu! Angemtuma Ebla arudi Masalani akaulize hospitalini, na siku nne zilikuwa bado zimebaki.

Nikasema, "Wamekataa, hooyo. Wametuzuia."

Nilisikia mbuzi wakilia nyuma yake.

"Alhamdulillah," akasema. "Kukataliwa si mara ya kwanza. Wewe usijisumbue, hooyo. Umefanya uliloweza."

Nataka uelewe uzito wa jambo hili kwa watu wetu. Mfugaji akikutana na mtu aliyetoka safari, humuuliza habari: mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, maradhi ya mifugo yako wapi. Watu huhamisha kila walicho nacho kwa neno la huyo mtu mmoja. Hakuna anayemwomba ushahidi, maana kutoa habari ya uongo ni sawa na kuua mifugo ya wenzako kwa kiu. Mimi nilijua haya tangu utotoni. Na nilimpa mama yangu habari ambayo sikuwa nayo. Hakuna daktari aliyesema amekataa!

Naye akahama kwa neno langu. Alikuwa amebaki karibu na barabara kungoja siku ya upasuaji. Baada ya ile simu yeye na Ebla wakaswaga mbuzi mbali, kufuata malisho, mahali ambapo simu haishiki.

Miezi mitano ikapita. Nilikula, nililala, nilikwenda kazini. Kila aliyeniuliza hali ya mama nilimwambia kwa uchungu jinsi watu wa huku tunavyobaguliwa, hata kwa ugonjwa wa macho! Nilipewa pole nyingi. Nilizipokea zote.

Halafu shule ya binti yetu Hibo ikatuma matokeo yake kwa barua pepe. Ilikuwa Jumapili mchana. Mke wangu akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, mimi niko kwenye mkeka. Akabofya. Akabofya tena. Kisha akanigeukia.

"Baba Hibo," akasema polepole, "hii ya shule pia imekataa. Maneno ni yaleyale. Na shule pia wametuzuia?"

Jamani! Nilihisi baridi, kwenye joto la Garissa.

Nikainuka nikafungua barua nyingine yenye linki ambayo sikuwahi kuibofya. Ikakataa. Nyingine. Ikakataa. Zote zilikuwa zimekufa, na zilikuwa zimekufa tangu wiki mbili kabla ya barua ya madaktari, nilipoona kompyuta inakwenda pole nikafuta ile programu ya zamani ya kufungulia mtandao na kuweka nyingine. Mashine haikuambiwa kwamba sasa linki zifunguliwe na hii mpya. Ilikuwa inatafuta mtu aliyekwisha hama. Vizuizi vile havikuwekwa na serikali wala hospitali. Niliviweka mimi, kwa mkono wangu, kisha nikavisoma nikawalaumu wengine.

Kurekebisha kulinichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua programu mpya iwe ndiyo ya kufungua linki, basi. Hata kama nisingefanya hilo, ningeweza kunakili tu ile anwani na kuibandika mwenyewe, ukurasa ungefunguka. Mambo ya mtoto wa darasa la sita!

Nikaitafuta barua ya mama. Nikabofya. Ikafunguka mara moja, safi kabisa, ikaniambia muda wa kuthibitisha umekwisha.

Mke wangu alisoma naye. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliuliza tu, "Ulimwambia hooyo nini siku ile?"

"Nilimwambia wamekataa."

Akakaa chini, akajifunika uso na mtandio wake.

Jumatatu nikapiga ile namba ya chini. Akapokea mwanamke mpole. Akatafuta jina, akasema, "Huyu mama namkumbuka. Tulimwekea nafasi mpaka siku ya kumi badala ya saba, tukitumaini mtapiga. Mleteni hata sasa, daktari amwone."

Kumpata tu kulichukua siku kumi na moja. Nilikwenda Masalani, nikafika Sangailu, nikauliza kila mchungaji niliyekutana naye. Nilipomwona, Ebla alikuwa amemshika mkono akimpeleka kutawadha. Nilisimama mbele yake hatua tatu na hakujua kuna mtu. Nilipotoa salamu ndipo alipotabasamu, akinyoosha mkono upande ambao sikuwepo.

Nikamleta Garissa. Daktari hakujua Kisomali na mama hajui Kiswahili, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Akammulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akakaa akiandika muda mrefu.

"Mwambie mama pole sana," akasema. "Mshipa wa macho umekufa pande zote mbili. Upasuaji hautasaidia tena."

Nikamwambia. Hilo nilimwambia sawasawa. Mama akatikisa kichwa taratibu, akashukuru Mungu. Kisha akauliza, uso ameuelekeza kwenye sauti yangu:

"Hooyo, muulize huyu daktari. Kama wenzake wangenikubali wakati ule, ningekuwa naona?"

Daktari akaniangalia. "Anasemaje?"

Ole wangu mimi! Watu watatu chumbani, na swali lote limekaa kwenye ulimi wangu. Nilijua jibu. Lilikuwa limeandikwa kwenye faili pale mezani.

Nikamwambia daktari, "Anauliza kama kuna dawa ya matone."

"Yapo ya kupunguza maumivu," daktari akasema.

Nikamgeukia mama. "Amesema ni Mungu pekee anayejua."

"Kweli kabisa," mama akasema. Akanitafuta bega, akalishika. "Mungu akulipe kheri, hooyo. Watoto wa wengine hawahangaiki hivi."

Nilimrudisha kwa Ebla upande wa Sangailu, na tangu siku hiyo kila swala ananiombea dua. Ebla huniambia. Ananitaja kwa jina kabla ya kujitaja mwenyewe. Nawe niambie, dua ya mtu uliyempofusha inakwenda wapi?

Wengine mtasema ni kudura, na mimi naamini kudura. Lakini ile namba ya simu ilikuwa pale chini, na vidole vyangu vilikuwa vizima!

Wewe unayesoma haya, na hasa wewe ambaye ndugu zako wanakuita msomi. Linki ikikataa, jaribu nyingine kwanza. Jaribu kwenye simu. Nakili anwani. Piga namba. Muulize mkeo, muulize kijana wa saiba, muulize yeyote, uchekwe, yaishe. Na ukishindwa, sema umeshindwa. Hakuna mama aliyewahi kupofuka kwa sababu mwanawe alisema sijui.

Na kama umeshatoa habari ya uongo, isahihishe upesi, ingali mbichi. Ikikaa inaota mizizi. Mke wangu haniambii kitu, ila kila Ijumaa hunitolea kanzu, huniwekea nauli ya Masalani juu yake, kisha hutoka chumbani.

Nimeshasafiri mara mbili kwenda kumwambia mama. Mara zote mbili nimefika Masalani, nikala, nikaswali, nikapanda gari la kurudi Garissa. Ebla aliwahi kumwambia kwamba nilionekana huko. Mama akamjibu kwamba mimi ni mtu wa kazi nyingi, wasinisumbue.