Jina Alilolikana Polixeni

Polixeni alikuwa fundi cherehani wa Kokinia, mtaa ulio karibu na bandari, mjane, mtu wa kanisani. Kwa miaka mingi aliwaambia wanawake wenzake wa parokia kwamba marehemu baba yake alikuwa mpiga mzinga kwenye meli moja kubwa ya vita. Haikuwa kweli. Baba yake alikuwa mtia makaa kwenye matanuri ya meli hiyo hiyo, aliyerudi nyumbani na masizi kwenye mikunjo ya shingo.

Jumamosi ya Marehemu padri aliwapeleka kwenye meli hiyo, ambayo siku hizi ni makumbusho, wakawaombee wafu wao katika kikanisa cha ndani. Kabla ya kupanda, kila mmoja alimpa karatasi yake ya majina ya marehemu, kama kawaida. Polixeni naye alitoa yake bila kufikiri.

Mzee Anargiros, baharia mstaafu, ndiye aliyewatembeza. Walipofika kwenye mizinga, Kaliroi, shoga yake Polixeni, akamsukuma mbele.

"Muulize huyu, mzee. Baba yake ndiye aliyekuwa akiifyatua hii. Tumesikia habari zake mpaka masikio yameota sugu."

Wanawake wakacheka.

"Mimi nilikuwa chini kwenye matanuri," mzee akasema. "Mabwana wa mizinga hawakutujua sisi wa masizi. Lakini nyinyi si wa Kokinia? Nilikuwa na mwenzangu wa huko, Thrasivulos. Mama, hukupata kumsikia?"

Kaliroi alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza.

"Hapana," Polixeni akasema. "Simjui mtu huyo."

Walipoingia kikanisani ndipo alipoikumbuka karatasi yenye jina hilo. Akatazama mlangoni, pamejaa watu. Padri alianza kusoma majina ya marehemu kwa sauti, karatasi baada ya karatasi. Polixeni akamwomba Mungu padri apoteze miwani, kisha akaona haya kwa ombi lenyewe.

"Sotirios, Efterpi, Thrasivulos…"

Mzee Anargiros akainua kichwa. Macho yake yalipita kwenye nyuso za wanawake, moja baada ya nyingine, yakamkuta Polixeni akiwa mwekundu hadi masikioni. Mzee akajifanya anaitazama mishumaa.

Sala ilipokwisha, ngano ya marehemu, iliyochemshwa na kutiwa sukari, ikagawiwa. Polixeni akapokea yake katika kifuko. Akamfuata mzee pembeni.

"Ni baba yangu," akasema.

"Nilijua. Una macho yake."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Alikuwa akijisugua shingo kwa brashi ya sitaha mpaka inatoka damu. Tukimcheka, anasema, binti yangu hataki nimpitie shuleni hivi."

Polixeni alidhani baba yake hakujua. Siku zote alimwambia, usijisumbue baba, nitarudi na wenzangu.

"Alikasirika?"

"Alisema una haki, makaa yananuka."

Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Polixeni alisimama na kifuko cha ngano mkononi, akashindwa hata kulia. Kaliroi akaja kumwita, basi linaondoka.

"Kaliroi," akasema, "Thrasivulos ni baba yangu. Hakupiga mzinga wowote. Alitia makaa huko chini, nami nimemkana mchana huu mbele yako."

Kaliroi akaenda kumwambia dereva asubiri kidogo, maana Polixeni alikuwa ameshaanza kushuka ngazi ya kwenda kwenye matanuri, anashikilia chuma kwa mikono miwili, hataki kumtazama mtu.