Mke wa Mwanangu

Bibi mmoja wa Ukraine, ninayemwogesha kila asubuhi katika kazi yangu ya kutunza wazee mtaani Jane na Finch, huku ughaibuni, aliniambia kwao mke wa mwana huitwa nevistka. Wengi husema asili yake ni "asiyejulikana", kwa kuwa huingia nyumbani mgeni. Nikamjibu kwa uchovu kwamba kwetu mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikumwambia kuwa mkwe wangu nilimpa jembe bila kungoja hata hiyo siku ya tatu.

Jana nilirudi kwa basi, miguu imevimba. Mkwe akanifungulia, akaniletea chai ya maziwa, tangawizi kali, sukari kijiko kimoja, kama nipendavyo. Miaka minne sasa. Nikaona haya, nikasema leo nimmiminie mimi. Nikaduwaa na kijiko mkononi: sijui yeye hutia vingapi.